Mwizi ameruka ukuta usiku: mwenye lupango anaruhusiwa kufika wapi?

Lupango_Kisanga ameuliza:

Ndugu zangu wa Lubumbashi, hamjambo. Komite ya avenyu yetu inataka kutoa karatasi moja ya maagizo ya usiku kwa kila lupango, yaani kila kiwanja chenye nyumba na ukuta wake. Tumekwama. Nusu ya wazee wanasema mtu akivuka ukuta wako usiku damu yake iko juu yake mwenyewe, nusu nyingine wanasema ukimgusa tu utalala gereza la Kasapa. Mambo yanayotugombanisha ni haya:

1. Mtu yuko ndani ya uwanja, anazungukazunguka, hajavunja mlango.
2. Ameshavunja, yuko sebuleni na panga.
3. Anakimbia na televisheni begani.
4. Jirani mmoja anataka kufunga waya wa SNEL (shirika la umeme) kwenye senyenge ya juu ya ukuta.
5. Sentineli (mlinzi wa usiku) tunamlipa kwa pamoja. Akiua, nani anajibu?

Naomba majibu yenye vifungu, yasiwe ya hasira. Na tafadhali msituletee sheria za sinema za Marekani.

---

Avoka_Kamalondo amejibu:

Papa, sinema za Marekani si tatizo kubwa. Tatizo kubwa ni vitabu vya Ufaransa na Ubelgiji. Kodi penali yetu ya Kongo (kitabu cha sheria za jinai), yaani dekreti ya 30 Januari 1940 pamoja na marekebisho yake, haina kifungu kinachoeleza kujilinda kihalali, kile tunachokiita légitime défense. Majaji wetu wanakitumia kama kanuni ya jumla ya sheria, na masharti yake yanatoka kwenye hukumu na mafundisho ya wanasheria. Kwa hiyo mtu anafungua intaneti, anakuta kifungu cha 122-6 cha Ufaransa au cha 417 cha kodi ya Ubelgiji ya 1867, vinavyomchukulia anayemrudisha nyuma mvunja nyumba wa usiku kuwa alijilinda, anafikiri amepata kinga. Hajapata. Hata huko kwao dhana hiyo inaweza kuvunjwa kwa ushahidi, na huku kwetu haijaandikwa kabisa katika kodi. Atakayekuhoji hana kifungu cha kuifunga kesi yako papo hapo. Atapima.

Anapima nini? Upande wa shambulio: liwe la kweli, liwe linatokea sasa hivi au liko karibu kabisa kutokea, lisiwe na haki, na lielekee mwili wako au wa mtu mwingine. Upande wa kujilinda: iwe hapakuwa na njia nyingine, iwe ni wakati uleule, na nguvu ziwe sawa na hatari. Sharti moja likianguka, kinga yote inaanguka, na unabaki na kifungu cha 44 (kuua kwa makusudi, kifungo cha maisha), cha 45 (ukiwa ulipanga, adhabu ya kifo), au cha 48 kama ulipiga bila nia ya kuua lakini akafa: miaka 5 hadi 20. Kuna hali za kupunguza adhabu, kifungu cha 18, na jaji anazikubali mara nyingi kwa mtu aliyeamshwa usiku na kuogopa. Lakini kupunguziwa si kuachiliwa.

Sasa mambo yako.

La kwanza, mtu uwanjani. Ameshakosa, kifungu cha 69 kinaadhibu anayeingia kwa kuruka ukuta au kuvunja. Ila kosa lake bado si hatari kwa mwili wako, kwa sababu kati yenu kuna mlango. Washa taa, piga kelele, piga sufuria, piga simu, ubaki ndani. Ukifungua mlango na kutoka na panga, hujapoteza haki yako moja kwa moja, lakini swali la kwanza la OPJ (ofisa wa polisi anayechunguza makosa) litakuwa: nini kilikulazimisha kutoka? Watu wengi hawana jibu la swali hilo, na hapo ndipo kesi inaanza kuharibika.

La pili ndilo wazi zaidi. Yuko ndani, ana panga, anakuja kwako au kwa mtoto. Hapo hata pigo la kuua linaweza kuwa halali. Hulazimiki kumngoja akukate kwanza. Lakini hesabu mapigo. Lile lililomwangusha liko ndani ya haki, na yale matatu yaliyofuata akiwa chini, panga limeteleza hadi mlangoni, yako nje yake. Daktari ataona majeraha yapo mbele au kisogoni, na mikono ya marehemu kama ina alama za kujikinga. Mwili unaeleza mfuatano kuliko mashahidi.

La tatu: amegeuza mgongo, shambulio limekwisha. Televisheni haina damu. Ufaransa wameandika waziwazi, kifungu cha 122-5, kwamba kulinda mali hakuhalalishi kuua kwa makusudi. Kwetu kipimo cha uwiano kinatufikisha palepale. Kumkimbiza ili kumkamata ni jambo jingine, na linaruhusiwa: kifungu cha 6 cha kodi ya mwenendo wa kesi za jinai, dekreti ya 6 Agosti 1959, kinampa mtu yeyote ruhusa ya kumshika aliyekutwa papo hapo akifanya kosa lenye adhabu ya miaka 3 au zaidi, kama hakuna OPJ karibu. Wizi wa kawaida unafika hadi miaka 5, wa kuvunja nyumba hadi 10, kwa hiyo sharti limetimia. Kifungu hichohicho kinasema umpeleke *mara moja* kwa mamlaka iliyo karibu zaidi. Kumfunga kwenye muembe hadi asubuhi ili "akiri" kunakutoa kwenye ruhusa na kukuingiza kwenye kosa lako mwenyewe.

---

FundiUmeme_Katuba amejibu:

Nachukua swali la nne tu, kwa sababu hilo linaua watu wasio wezi.

Waya wa 220 V kwenye senyenge si ulinzi, ni mtego. Ngozi yenye maji au jasho ina ukinzani wa karibu omu 1,000, hivyo mkondo unafika kama miliampea 220. Kuanzia miliampea 10 hivi misuli ya mkono inajikaza na mtu hawezi kuachia. Juu ya 30, ikidumu, moyo unaweza kupoteza mapigo yake. Yaani yule uliyetaka "kumtisha" hawezi hata kukimbia. Msimu wa mvua, kuanzia Novemba hadi Machi, ukuta wenyewe unalowa, nondo zinapitisha, na geti la chuma linaanza kuuma. Atakayelishika kwanza ni mtoto anayetoka shuleni.

Pia, nyumba yenye kikata-umeme cha 30 mA kilichofungwa vizuri itazimika mara waya ukigusa ukuta uliolowa. Ndiyo maana wanaofanya ujinga huu wanakiruka kile kikata na kuchukua waya moja kwa moja kabla ya kaunta (mita ya umeme). Wamejiondolea ulinzi wa nyumba nzima ili kulinda ukuta. Halafu SNEL inakata saa mbili usiku, mwizi anapita salama, umeme unarudi alfajiri na kumkuta bibi anaanika nguo.

Senyenge ya umeme iliyo halali kiufundi ni kitu tofauti kabisa. Inatumia mashine inayotoa mapigo mafupi: volti elfu kadhaa, lakini kila pigo halizidi sekunde 0.01, kati ya pigo na pigo kuna angalau sekunde 1, na nguvu yake haipiti jouli 5 kwenye mzigo wa omu 500. Huo ndio mpaka wa kanuni za kimataifa, IEC 60335-2-76. Inauma vibaya, lakini mtu anaachia na kuanguka upande aliotokea. Ukinunua, angalia kwamba jouli zimeandikwa kwenye kibati cha mashine. Isiyoandikwa uache dukani. Tumia betri ya 12 V na chaja ili ifanye kazi umeme ukikatika. Fimbo ya ardhi iwe yake peke yake, mbali na ile ya nyumba, la sivyo mapigo yanarudi kwenye bomba la maji. Nyaya zikae juu ya ukuta, upande wa ndani, mahali ambapo mpita njia hawezi kuzifikia kwa mkono. Bao la onyo liwe kila upande, kwa maandishi na kwa picha ya radi, maana si kila mtu anasoma.

Vipande vya chupa juu ya ukuta ni vya zamani na kila mtu anaviona, sina la kusema.

---

Avoka_Kamalondo amejibu:

Naongeza mstari mmoja kwa fundi. Waya wa 220 unayakosa masharti mawili kwa pamoja: hauoni nani anashambulia, na uliufunga mchana ukiwa umetulia. Utetezi wa "niliogopa" haupo. Na fundi aliyeufunga anajua kazi yake, kwa hiyo parke (ofisi ya waendesha mashtaka) inaweza kumwita pamoja na mwenye lupango.

---

Karani_wa_PV amejibu:

Kila mtu anazungumzia usiku wenyewe. Kesi nyingi zinapotea saa kumi na mbili asubuhi, mbele ya meza ya OPJ, na sababu ni lugha.

Wewe unasema Kiswahili, yeye anaandika Kifaransa. Angalia kinachotokea. Unasema "nilikuwa namngoja nyuma ya mlango", ukimaanisha ulisimama kimya kwa woga. Kwenye PV (maandishi ya mahojiano) inaweza kutoka kama mtu aliyevizia. Kuvizia ni jirani wa kupanga, na kupanga ni kifungu cha 45. Unasema "nilimpiga mpaka akaanguka", inaandikwa kwamba ulipiga mara nyingi. Kiswahili hakikutaja idadi, lakini Kifaransa kimeitaja kwa niaba yako. Unasema "nilimmaliza" kwa mazoea ya mdomo. Hilo halihitaji maelezo.

Kwa hiyo sema kwa mpangilio na kwa vipimo. Alikuwa umbali gani, hatua mbili au sita. Alikuwa ameshika nini, mkono upi. Mwanga ulitoka wapi. Nani alikuwa nyuma yako. Ulisema nini kwa sauti kabla ya kupiga. Ulipiga mara ngapi na uliacha lini. Kama hukumbuki idadi, sema hukumbuki, usikisie. Omba PV isomwe tena kwa Kiswahili kabla ya kutia sahihi, na neno likiwa si lako liombe lisahihishwe palepale. Ukikataliwa, unaweza kukataa kutia sahihi na ukaomba sababu iandikwe.

Katiba ya 18 Februari 2006 iko upande wako hapo. Kifungu cha 18: uelezwe sababu ya kukamatwa kwa lugha unayoielewa, uruhusiwe kuwasiliana na familia na avoka (wakili) mara moja, na usikae kasho (mahabusu) la polisi zaidi ya saa 48. Kifungu cha 19: avoka awe nawe kila hatua. Baada ya saa hizo, parke inaweza kutoa hati ya kukamata kwa muda, siku 5, halafu jaji anaidhinisha kifungo cha kungoja cha siku 15, kisha mwezi, na mwezi tena. Kwa hiyo familia isifurahie mapema kusikia "ni kujilinda tu, atatoka kesho". Mtu akifa, kukamatwa kwanza ndiyo kawaida. Kupima kunakuja baadaye.

Na mahali pa tukio: msisafishe. Mlango uliovunjwa ndio shahidi wenu bora, maana mbao zinaonyesha nguvu ilitoka upande gani. Picha zipigwe kabla ya majirani kujaa. Panga lenu lisioshwe, la kwake lisihamishwe. Kuna hekima mbaya ya mtaani inayosema mwekee marehemu kisu mkononi. Kisu kisicho na alama za vidole vyake, chenye kipini kinachofanana na vile vya jikoni kwako, kinageuza kesi iliyokuwa nzuri kuwa ya uongo wote, na jaji hatakuamini tena hata unaposema saa.

---

Katekista_Ruashi amejibu:

Wale wazee wa "damu yake iko juu yake" wanaikata aya katikati. Kutoka 22, mstari wa 2 na wa 3, inatofautisha: mwizi akipigwa usiku wakati anavunja na akafa, aliyempiga hana hatia ya damu. Jua likiwa limeshachomoza juu yake, hatia ipo, na mwizi anatakiwa kulipa alichoiba. Usiku huwezi kujua amekuja kuchukua nini, mali au roho. Mchana unajua. Mstari huo haukuangalia kama ukuta umevukwa, umeangalia kama mwenye nyumba alikuwa na njia ya kujua.

Na taa ya sola ya dola chache inageuza usiku kuwa mchana. Ukiwasha na ukaona kijana wa miaka kumi na tano ameshika kuku, hoja yako ya gizani imekwisha hapo hapo, kwa Mungu na kwa parke.

Thomas wa Akwino katika karne ya 13 aliweka jambo hilohilo kwa njia nyingine: tendo moja linaweza kuwa na matokeo mawili, kuokoa maisha yako na kifo cha mshambuliaji, na nia iwe ya kwanza, si ya pili, wala nguvu zisizidi zinazohitajika. Wanazuoni wa Kiislamu nao, katika kumzuia mshambuliaji, wanadai kuanza na njia nyepesi: kama sauti inatosha, usitumie mkono, kama mkono unatosha, usitumie silaha.

Jambo moja halijatajwa humu na linanisumbua kuliko waya. Mwizi akishashikwa na watu hamsini, kisha tairi likaletwa ili achomwe, hakuna tena shambulio, hakuna usiku, hakuna woga. Hapo hakuna dini ya mtu yeyote inayosaidia.

---

Avoka_Kamalondo amejibu:

Wala kifungu. Cha 21 kinawahesabu kuwa watendaji wale walioshirikiana moja kwa moja, si aliyewasha kiberiti peke yake. Aliyeleta petroli, aliyemshika mikono, wote wamo. Kifungu cha 66 bis kinamgusa hata aliyeweza kuzuia bila hatari kwake akaacha kwa makusudi. Kinachofuata, 66 ter, kinahusu kutomsaidia mtu aliye hatarini, na mwizi aliyejeruhiwa ni mtu. Mkimwangusha, mkahakikisha hana silaha, mfungeni jeraha kwa kitambaa safi, mbonyeze kwa nguvu dakika kumi bila kuchungulia, mtafute gari. Mtakayoyafanya dakika hizo kumi yataingia kwenye faili kama ushahidi kwamba hamkutaka afe.

Swali la tano, sentineli. Kifungu cha 17 cha Katiba: jukumu la jinai ni la mtu binafsi. Akizidisha, anafungwa yeye. Lakini fidia ni kitu kingine. Kifungu cha 260 cha kodi ya kiraia, kitabu cha tatu, cha 1888, kinamfanya mwajiri alipie madhara ambayo mtumishi wake ameyafanya akiwa kazini. Komite inayomlipa kwa pamoja itatafutwa kwa pamoja. Na kama rais wa komite alimwambia "ukimshika, mmalize", amehama kutoka kulipa na kuingia kwenye kifungu cha 21.

---

Lupango_Kisanga amejibu:

Asanteni sana, hasa kwa lile la "namngoja". Tumelisoma kwa sauti kwenye komite na watu walinyamaza. Maswali mawili ya mwisho. Mzee mmoja anasema kuna mtu anaweza kutupatia AK moja kwa bei nafuu, ikae kwa sentineli. Na badala ya haya yote, karatasi iseme nini watu wafanye?

---

Avoka_Kamalondo amejibu:

Hiyo AK ikatae kabla hata ya kuiona. Silaha zinaongozwa na ordonansi-sheria namba 85-035 ya 3 Septemba 1985, na silaha ya vita haimilikiwi na raia kwa "bei nafuu". Zaidi ya hapo, kosa likifanywa kwa silaha ya vita, kodi ya mahakama za kijeshi, sheria 023/2002 ya 18 Novemba 2002, inampeleka hata raia kwa oditora (mwendesha mashtaka) wa kijeshi. Mtakuwa mmeanza na mwizi wa televisheni na kuishia kujibu bunduki ilitoka wapi.

---

FundiUmeme_Katuba amejibu:

Karatasi yenu iwe fupi. Chumba kimoja katika kila nyumba kiwe cha kukimbilia: mlango wa mbao nzito au bati nene, makomeo matatu (juu, kati, chini), fremu ifungwe ukutani kwa skurubu ndefu, kwa sababu mlango imara kwenye fremu dhaifu unang'oka wote kwa teke la pili. Watoto walale humo au karibu nacho. Simu moja yenye yuniti ikae humo imechajiwa, pamoja na firimbi na tochi.

Antivole (nondo) za madirisha mbele zote sawa, lakini dirisha moja la nyuma liwe na antivole inayofunguka kwa ndani kwa kadna (kufuli), ufunguo uning'inie mahali pasipofikika kutoka nje kwa mkono wala kwa fimbo. Moto nao unakuja usiku, na watu wamekufa ndani ya antivole nzuri sana.

Taa mbili za sola zenye kihisi, moja getini, moja nyuma, urefu wa mita 3 hivi ili zisifikiwe. Zielekezeni chini na pembeni, zisiangaze dirisha lenu, maana zitamuonyesha yeye kila kitu ndani na nyinyi hamtaona kitu nje.

Ishara ya avenyu iwe moja: firimbi tatu, kimya, tatu tena, kisha sufuria. Mkipiga kila mtu anavyotaka, majirani watadhani ni matanga. Wanaokuja kusaidia waje zaidi ya watatu, na taa, wasimame barabarani na kuacha upande mmoja wazi. Mwizi aliyezibwa pande zote ndiye anayekata watu.

Na namba ya shefu wa karte (kiongozi wa mtaa) na ya kituo cha polisi kilicho karibu ziandikwe kwa kalamu nzito nyuma ya mlango wa kile chumba. Usiku ule simu inaweza kuwa mikononi mwa mtoto, na mtoto hajui umeihifadhi kwa jina gani.